Tumemwaga Pombe Tangu 1980. Na Mnywaji?

Wasee, leo ni historia kidogo. Chuo sikumaliza, lakini hii nimeisoma vizuri.

Mwaka wa 1980 serikali ilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kwa miaka 30 mchezo ukawa ule ule: chifu na polisi wanavamia, mitungi inamwagwa, mama pima anabebwa, wiki ijayo ako kazini. 2010 ikaja ile sheria tunaita ya Mututho. Chang'aa ikaruhusiwa, bora iwe na leseni na iwe kwa chupa. Muda wote huo ubishi ulikuwa juu ya pombe: imwagwe ama iuzwe? Anayekunywa hakuulizwa kitu.

Lakini hapo Eldoret kuna watu walimuuliza. AMPATH, mpango wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Marekani, ulianza 2001 kwa kutibu UKIMWI. Wagonjwa wengi walikuwa wanakunywa, na ukilewa dawa unasahau. Basi wakajaribu njia nyingine na watu 75, matokeo yakachapishwa 2011.

Hakukuwa na rihabu ya geti na bili ya kutisha. Ni vikao 6, kimoja kwa wiki, kwa vikundi, kwa Kiswahili. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari, alikuwa mtu wa kawaida aliyefunzwa hiyo kazi. Mahudhurio yalifika 93%. Baada ya miezi 3, 69% ya waliopitia vikundi walisema hawanywi tena. Kwa waliopata huduma ya kawaida tu, ni 38%. Jaribio kubwa zaidi, la watu 614, lilichapishwa 2021. Hapo tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Mimi naona funzo ni moja: watu hawakatai matibabu, wanashindwa kuyafikia kila wiki. Boda mmoja rafiki yangu hapa Turbo aliacha kwenda kliniki mjini wiki ya pili. Nia alikuwa nayo, ila kila safari ni nauli na siku nzima bila kazi. Kikao kingekuwa dispensari ya hapa, jioni, angebaki.

Kwa hivyo kiongozi akija kutuahidi msako mwingine, tumuulize tu: kikao ni siku gani, na ni wapi hapa Turbo?