Uvimbe wa Taya na Watoto Waliorudi Nyumbani

Kirando ni makao ya wavuvi katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo yako mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda kutoka hapo kwenda Namanyere, na kisha Sumbawanga, huliacha joto la ufukoni akafika katika uwanda wa Ufipa, ambao pale Sumbawanga umepita mita 1,700. Tofauti hii ya kimo, ambayo Mfipa huijua kwa blanketi lake, iliingia katika historia ya utabibu kwa njia ya ajabu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mganga mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Majuma machache baadaye, huko Jinja, alimwona kwa dirishani mtoto wa kike mwenye uso wa namna ile ile. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Albert Cook wa Mengo alikuwa ameuandika katika madaftari yake miaka mingi kabla. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza unakaa wapi.

Mwishoni mwa 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri maili 10,000 hivi kwa motokaa kuukuu, wakizizuru hospitali za Tanganyika na za nchi za kusini, wakionyesha picha na kuuliza swali hilo. Ikaonekana kwamba karibu na Ikweta uvimbe huo ulikoma penye kimo cha futi 5,000 hivi, na kadiri walivyozidi kwenda kusini ndivyo mpaka ulivyoshuka. Kwa kipimo hicho ufuko wa Kirando umo ndani ya mpaka, nayo Sumbawanga iko nje. Leo sababu inajulikana zaidi: virusi ambavyo Epstein na wenzake waliviona mwaka 1964, vinavyowapata karibu watoto wote, huungana na malaria isiyokoma, na mbu wa malaria hastawi penye baridi.

Ramani, hata hivyo, haimponyi mtu. Kisu kilishindwa, maana uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Zikabaki dawa. Zilipotiwa mshipani, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, jicho lililosukumwa nje likarudi mahali pake, na mama akautambua tena uso wa mwanawe. Wazazi wengine, walipoona hayo, waliwachukua watoto nyumbani baada ya dozi moja tu. Waganga walidhani wamewapoteza. Baadhi yao wakaonekana wazima baada ya miaka. Hapana shaka ukaidi huo wa wazazi uliifundisha sayansi jambo ambalo hakuna mganga angethubutu kulijaribu kwa makusudi.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kilifunguliwa Kampala chini ya John Ziegler, naye pamoja na Burkitt walipata tuzo ya Lasker mwaka 1972. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, aliiendeleza kazi. Yameandikwa mengi juu ya waganga hao, na machache mno juu ya watoto. Mtoto aliyepona hurudi akiwa na mapengo, akijifunza upya kutafuna ugali upande mmoja, naye ameachwa nyuma darasani. Tena ugonjwa waweza kurudi. Ukirudi mapema ni mbaya sana, ukichelewa mara nyingi hutii dawa kama mara ya kwanza.

Kwa mtu wa Kirando matibabu hayo yako mbali, Bugando huko Mwanza au Muhimbili huko Dar es Salaam, na dawa hutolewa kwa zamu, majuma kadhaa kati ya moja na nyingine. Baba mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Zamu ya pili ikiangukia siku hizo, naye akiutazama uso wa mtoto ulio laini kama zamani, itampasa kuchagua kati ya mtumbwi na basi.