Nati ya Ekzosi Iliyoiumbua Norton

Wasee, tukipiga stori ya vile pikipiki za Uingereza zilipigwa na Wajapani, kila mtu hutaja spidi, bei na nyaya za umeme. Mimi nataka tuangalie mahali pengine kabisa: pale ekzosi inaingia kwenye injini.

Chukua Norton Commando. Ilionyeshwa London mwaka wa 1967, na wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News wakaichagua pikipiki bora ya mwaka mara 5 mfululizo. Siri yake ilikuwa raba. Injini yake ya silinda 2 ilitokana na muundo wa miaka ya 1940, na ilitetemeka vibaya sana. Mainjinia wakaishikilia kwenye fremu kwa raba. Ukifungua mafuta, mwili wako hausikii ile tetemeko.

Lakini ekzosi ilibaki na mtindo wa zamani. Kila bomba linashikwa na nati moja kubwa yenye mapezi, inayoingia kwenye nyuzi zilizochongwa ndani ya kichwa cha silinda. Kichwa chenyewe ni alumini, chuma laini. Sasa cheki: moto unapanda, gasketi inabonyea, nati inalegea kidogo. Injini inacheza kwa raba zake, bomba linavutwa huku na huku. Ukiendelea kuendesha hivyo, nati inakula zile nyuzi pole pole. Siku moja unakaza na haishiki. Hapo hata nati mpya haikusaidii. Lazima kichwa kitolewe, kipelekwe kuchongwa nyuzi upya, na hiyo si kazi ya bei rahisi.

Mwaka wa 1969 Honda ikaleta CB750. Mabomba 4, kila moja likibanwa na boliti mbili ndogo. Moja ikiharibika, unatengeneza tundu moja dogo. Angalia nduthi yoyote hapo steji: ekzosi yake imebanwa kwa wazo hilo hilo.

Sisemi nati iliua Norton. Pesa ziliisha, viwanda vilichakaa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 Commando haikuwa inaundwa tena. Ninachosema ni kwamba nati inaonyesha tabia. Kampuni ilitibu kile mnunuzi anahisi siku ya kujaribu pikipiki, ikamwachia kile atagundua akiwa ameshalipa. Kazi ikawa yake: kagua, kaza, kagua tena.

Mpaka leo anayefufua Commando anarithi hiyo kazi. Anaweka gasketi mpya. Anapanga mabomba na sailensa vyote vikiwa bado vimelegea, ndio kitu kisilazimishwe kukaa. Anakaza upande wa injini kwanza na spana yake maalum, halafu anarudi nyuma kwa sailensa. Kisha anawasha injini ipate moto na kukaza tena kabla haijapoa. Wengine huifunga nati kwa waya isizunguke.

Kuna watu watasema hiyo ndiyo raha ya mashine za kitambo. Sawa, ni raha ukiwa na garaji na wikendi mbili za kupoteza. Kwa mtu aliyeinunua 1970 ya kumpeleka job, ilikuwa deni ambalo hakuambiwa. Historia ya viwanda tumezoea kusoma kwa mdomo wa wakubwa. Tuanze kuisoma kutoka kwa aliyeshika spana.