Mbiti na Miaka ya Makerere

Huku Buha, kuanzia Titye hadi Kibondo, wazee walimtaja Imana kabla Biblia haijafika. Kwamba Mungu alijulikana Afrika kabla ya wamisionari ni jambo lililohitaji msomi wa kulichunguza na kuliandika. Aliyelifanya kwa upana ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, Kenya.

Mwaka 1964, akiwa ametoka kusoma Cambridge, alianza kufundisha Makerere. Alifundisha dini za Kiafrika, somo ambalo vitabu vyake vilikuwa vichache na vingi viliandikwa na wageni. Ikabidi atafute mwenyewe. Mihadhara yake ikawa kitabu, African Religions and Philosophy, mwaka 1969. Mwaka 1970 kikafuata Concepts of God in Africa, na 1971 kingine juu ya Agano Jipya. Vitatu ndani ya miaka mitatu!

Kipaji alikuwa nacho, lakini kipaji peke yake hakiandiki. Makerere ya siku zile ilikuwa na maktaba nzuri, na wanafunzi waliotoka nchi zote za Afrika Mashariki, kila mmoja na maswali ya kwao. Tena alichofundisha ndicho alichokitafiti, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko yote.

Januari 1971 Idi Amin akatwaa serikali. Mwaka uliofuata mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alikamatwa asionekane tena. Wahadhiri wengi wakaondoka. Mbiti naye akaenda Uswisi mwaka 1974.

Dar es Salaam hakukuwa na Amin, ila kalamu zilipungua kasi kwa sababu nyingine. Profesa Isaria Kimambo alitoa historia ya Wapare mwaka 1969. Kitabu chake kikubwa kilichofuata juu yao kilitoka 1991. Katikati alibeba kazi za uongozi wa chuo. Miaka ya 1980 mshahara wa mhadhiri haukufika mwisho wa mwezi, na wengi walifuga kuku ili watoto wale. Anayelalamika kwamba wasomi wetu hawaandiki aulize kwanza wanafundisha vipindi vingapi kwa wiki. Makanisa yenye vyuo vikuu yaulizwe vilevile.

Uswisi, Mbiti alichunga usharika huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Alipostaafu, muda ukawa wake. Akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, na likachapishwa akiwa amepita miaka 80.