WATALII WANAANGALIA SAA, WEWE MTAFUTE JAN HUS



Ukijaliwa kufika Prague, mji mkuu wa Ucheki, utakuta watalii wamejazana kwenye uwanja wa mji mkongwe, simu juu. Wanangoja saa iliyowekwa mwaka 1410 igonge, sanamu za mitume zipite dirishani. Piga picha, si dhambi. Kisha tafuta uwanjani hapo mnara wa Jan Hus, uliozinduliwa mwaka 1915.

Hus alianza kuhubiri katika kanisa la Bethlehem, karibu na hapo, mwaka 1402. Ibada ilikuwa ya Kilatini; yeye akahubiri Kicheki, mama wa sokoni akaelewa. Akakemea biashara ya kuuza msamaha wa dhambi.

Mwaka 1414 akaitwa mbele ya maaskofu huko Constance. Mfalme Sigismund alimwahidi usalama, lakini alipofika akafungwa. Akaambiwa akane, apone. Akakataa. Tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto, majivu yakatupwa mto Rhine ili asikumbukwe.

Lakini kutoka kwa wafuasi wake lilitokea Kanisa la Moravian, lililofika Tanganyika mwaka 1891. Majirani zetu wanaabudu humo hadi leo!

Mpendwa, wewe hutishiwi moto. Unaambiwa tu usaini risiti ya uongo, upate tenda. Unaambiwa unyamaze, usipoteze kazi. Huko nako ni kukana.

Wiki hii utajibu nini? Soma 2 Timotheo 2:9, kisha uombe.