Michikichi ya Rumonge na Swali la Ujamaa



Katika midahalo ya shule vijana hutuuliza: nchi yetu iliharibiwa na ujamaa au na ubepari? Sisi tuliotoka Kigwena, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tunawajibu kwa habari za michikichi. (Siasa imekatazwa kambini, nasi hatuandiki siasa. Hii ni historia.)

Novemba 1966 Michel Micombero aliondoa ufalme, UPRONA ikabaki chama pekee. Mwaka 1976 alipinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza, na Bagaza akapinduliwa na Pierre Buyoya mwaka 1987. Wote watatu walikuwa maafisa wa jeshi, na wote wazaliwa wa tarafa moja, Rutovu, katika mkoa wa Bururi. Rumonge nayo ilikuwa ndani ya mkoa huohuo, lakini ukaribu huo haukutufaa kitu.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima kwa miezi kadhaa, wasomi na walimu wakiwa mbele. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 100,000 au zaidi. Wazee wetu wakavuka ziwa. Mashamba waliyoyaacha yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika mradi wa michikichi wa shirika la Serikali, SRD Rumonge. Ukiita jambo hilo ujamaa, sawa. Ukiita maendeleo, sawa pia. Mwenye shamba hakuulizwa, wala hapakuwa na bunge au gazeti la kumuulizia.

Tanzania iliyotupokea ilikuwa ya Azimio la Arusha la 1967. Huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo jamaa zetu walipewa ardhi ya kulima, na hilo hatulisahau. Ila mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali. Ujamaa ule ulitoa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukashika ufunguo.

Sheria ya ardhi ya Burundi ya 1986 ikampa haki aliyekaa shambani miaka 30. Sisi tulihesabiwa miaka hiyo tukiwa nje! Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ukasema mkimbizi arudishiwe ardhi yake au alipwe fidia, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya ardhi, CNTB. Waliorudi walikuta chini ya michikichi yao mkulima mwingine, maskini kama wao, mwenye watoto waliozaliwa palepale. Mwanzoni Tume ilipendelea shamba ligawanywe kati yao; baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi lote. Muda wake ulikwisha 2022.

Kwa hiyo mwenye karatasi ya kesi aitunze pakavu. Asiye nayo, mzee angali hai amtajie mipaka ya shamba na majina ya majirani, mtoto ayaandike daftarini.