Mikanda Mitatu na Mamlaka ya Taji: Ubingwa Mkuu wa All Japan, 1958–2013

Tarehe 18 Aprili 1989, katika ukumbi wa michezo wa wilaya ya Ota jijini Tokyo, Jumbo Tsuruta alimwangusha Mmarekani Stan Hansen na kuondoka ulingoni na mikanda mitatu ya ubingwa. Mkanda wa Kimataifa aliingia nao. Wa United National na wa PWF aliitwaa kwa Hansen. Tangu usiku ule kampuni ya mieleka ya All Japan imekuwa na taji kuu moja liitwalo Sankan, ubingwa wa mataji matatu. Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama jambo la utawala tu: mikanda ilikuwa mingi, ikakusanywa kiunoni mwa mtu mmoja. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayaendi mbali. Ninachodai katika makala hii ni kwamba muungano wa 1989 ulihamisha chimbuko la mamlaka ya ubingwa wenyewe. Kabla yake bingwa wa Japani aliheshimiwa kwa kuwa kulikuwa na wakubwa wa Marekani waliomtambua. Baada yake aliheshimiwa kwa ajili ya silsila ya mabingwa waliomtangulia, na kwa jinsi alivyowashinda mbele ya watazamaji walioijua silsila hiyo kwa moyo.

Kuna pingamizi linalopaswa kujibiwa mapema, maana likiachwa litaila hoja yote. Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa. Bingwa huteuliwa na promota kabla ya kengele kulia. Basi mkanda wake unathibitisha nini? Hauthibitishi kwamba yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na hapo mpingaji yuko sahihi kabisa. Lakini kwa kuwa taji hili haliwezi kuegemea kipimo cha nguvu, linalazimika kuegemea kitu kingine, na kitu hicho kinaweza kuchunguzwa. Mkimbiaji wa mita 100 ana saa ya kumtetea. Mwanamieleka hana saa. Ana watu wanaokubali au kukataa kwamba kilichotendeka kina uzito. Historia ya ubingwa wa mieleka, kwa hiyo, ni historia ya kukubalika: nani aliaminiwa kumvika bingwa mkanda, na kwa nini imani hiyo ilidumu au ikavunjika. Kupangwa kwa matokeo hakuufanyi utafiti wa taji uwe upuuzi. Kunaufanya uwe utafiti wa imani ya umma, na nchini Japani imani hiyo imeacha kumbukumbu nyingi zenye tarehe.

Mkanda mkongwe kati ya hiyo mitatu ni wa Kimataifa. Rikidozan, aliyekuwa amefikia daraja la sekiwake katika sumo kabla ya kuiacha mwaka 1950, aliunda chama cha mieleka ya kulipwa cha Japani mwaka 1953, na mapambano yake ya Februari 1954 dhidi ya ndugu wawili wa Sharpe yalikusanya umati mbele ya televisheni zilizowekwa barabarani, wakati ambapo familia chache zilimudu kununua chombo hicho. Taifa lililotoka kushindwa vitani na kukaliwa na majeshi ya Marekani lilimwona mtu wake akiwachapa wazungu wakubwa kwa viganja. Tarehe 27 Agosti 1958, mjini Los Angeles, alimshinda Mmarekani Lou Thesz na kurudi nyumbani akiwa bingwa wa Kimataifa. Hapa tarehe zinasema mengi. Thesz alikuwa ameshapoteza taji la dunia la muungano wa NWA kwa Dick Hutton mnamo Novemba 1957. Jina la bingwa wa kimataifa alilobaki nalo lilitokana na ziara zake za ng'ambo, yaani Rikidozan alitwaa taji lenye muhuri wa Marekani ambalo Marekani yenyewe haikulihitaji. Lakini jijini Tokyo lilikuwa kila kitu, kwa kuwa jina la Thesz lilikuwa juu yake, na mwaka mmoja nyuma wawili hao walikuwa wametoka sare ya dakika 60 mbele ya umma wa Tokyo kwa ajili ya taji halisi la dunia. Sifa za mtoaji zilimwingia mpokeaji. Na yafaa kukumbuka kwamba mpokeaji huyo, fahari ya Wajapani, alikuwa amezaliwa Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani, na asili hiyo haikutangazwa enzi za uhai wake. Tangu mwanzo, basi, taji la kitaifa lilisimama juu ya kutambuliwa na wageni na juu ya ukimya kuhusu nani hasa ni mwenyeji.

Rikidozan alichomwa kisu Desemba 1963 katika klabu ya usiku jijini Tokyo na kufariki siku chache baadaye. Mwanafunzi wake Giant Baba alilifufua taji la Kimataifa mwaka 1965, akalishika kwa vipindi hadi alipojitenga na kuanzisha All Japan mwaka 1972, mwaka uleule ambao Antonio Inoki alianzisha New Japan. Baba ndiye mfano kamili wa mamlaka ya kukopa. NWA, muungano wa mapromota ulioundwa mwaka 1948 huko Iowa, uligawa maeneo ya biashara na kumzungusha bingwa mmoja wa dunia katika maeneo hayo, na Baba alikuwa mshirika wake mwaminifu. Tarehe 2 Desemba 1974, mjini Kagoshima, alimshinda Jack Brisco na kuwa Mjapani wa kwanza kushika taji hilo la dunia. Baada ya wiki moja alilirudisha kwa Brisco huyohuyo. Mwaka 1979 na tena 1980 alimshinda Harley Race, na mara zote mbili Race alilichukua tena kabla bingwa mpya hajavuka bahari. Ushindi mara tatu, wote ndani ya Japani, wote wa siku chache. Hilo lilikuwa azima: mwenye mali aliitoa ili rafiki yake ang'are nyumbani, kisha akaondoka nayo. Hata Tsuruta, mwanaolimpiki wa Munich 1972 na mrithi mteule wa Baba, alipelekwa Februari 1984 kutwaa taji la AWA, chama kingine cha Marekani, kutoka kwa Nick Bockwinkel ili aonekane amekamilika. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano jibu la swali "nani bingwa?" lilitafutwa upande wa pili wa Pasifiki.

Msomaji makini atauliza: kama mamlaka ya Sankan yametokana na silsila, mbona silsila yenyewe ina matobo? Swali ni zito. Baba alipoondoka 1972 aliliacha taji la Kimataifa, likaenda kwa Kintaro Ohki, Mkorea ambaye kwao alijulikana kama Kim Il. Chama alichokiacha Rikidozan kilivunjika mwaka uliofuata, lakini Ohki aliendelea kujiita bingwa kwa miaka mingi bila chama hicho, mpaka mkanda ukapatikana kwa All Japan na kushindaniwa upya mwaka 1981, Dory Funk Jr. akishinda. Mkanda wa United National ulianza kutumika mwaka 1970, ukasahaulika, ukarejeshwa na All Japan mwaka 1976. Wa PWF uliundwa kwa ajili ya Baba mwenyewe mwaka 1973, baada ya kampuni yake kuanza bila taji. Kwa kipimo cha mwanasheria, hakuna hata mmoja kati ya mikanda hii ambao urithi wake hauna dosari. Lakini silsila huishi kwa kukiriwa, na hilo ndilo linaloitenganisha na cheti. Watu wa pwani wanaozisoma nasaba zao wanajua kwamba kiungo kilicholegea hakiuvunji mnyororo maadamu jamii inaendelea kuusoma kwa ukamilifu wake. Watazamaji wa Tokyo waliisoma hivyo: Rikidozan, Baba, Mmarekani Bruiser Brody, Tsuruta. Ohki hakufutwa; jina lake limebaki kwenye orodha. Kampuni iliyotaka urahisi ingeizika mikanda mitatu na kutengeneza mmoja mpya siku ileile ya muungano. Baba hakufanya hivyo, akamwacha bingwa aibebe yote mitatu, na kila mmoja ulibeba ukoo wake.

Kwa nini basi 1989, si mapema wala baadaye? Sababu ya kwanza ni kwamba mkopeshaji alikuwa amefilisika. Kampuni ya Vince McMahon iliivunja mipaka ya maeneo ya NWA kuanzia miaka ya 1983 na 1984, na Novemba 1988 Ted Turner akainunua kampuni ya Jim Crockett iliyokuwa nguzo ya muungano huo. Muhuri wa NWA haukuwa na thamani ile tena hata huko ulikotoka. Sababu ya pili ilikuwa ndani ya ulingo wenyewe, nami naiona kuwa nzito zaidi. Tarehe 15 Aprili 1988 Brody, mwenye mkanda wa Kimataifa, alikutana na Genichiro Tenryu, mwenye mingine miwili, ili taji moja lipatikane. Wote wawili walihesabiwa nje ya ulingo. Mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya pambano la Ota, Tsuruta na Hansen nao walimaliza bila mshindi. Miisho ya namna hii ilikuwa lugha ya kawaida ya mfumo wa kukopa: pale ambapo kila mkanda una wakubwa wake ng'ambo, na kila nyota wa kigeni analinda jina lake analolitumia sokoni kwao, kumaliza bila mshindi ndiyo njia ya kutomkosea mtu. Anayekosewa ni mtazamaji. All Japan iliamua kumlipa deni lake. Kuanzia muungano ule, pambano la Sankan likawa mahali pa matokeo ya wazi: mabega chini, hesabu ya tatu, mmoja anakwenda na mwingine anabaki. Mamlaka yaliyokuwa yakiagizwa nje yakaanza kuzalishwa usiku kwa usiku.

Ushahidi ulio bora kabisa wa mabadiliko haya ni wa pambano ambalo taji halikuwamo. Tenryu alihama Aprili 1990 pamoja na wenzake kadhaa, na kampuni ikahitaji mpinzani mpya wa Tsuruta. Tarehe 5 Juni, Tsuruta alipoteza Sankan kwa Terry Gordy. Siku tatu baadaye, ukumbini Nippon Budokan, kijana Mitsuharu Misawa aliyekuwa ameivua barakoa ya Tiger Mask majuma machache kabla, akamshinda Tsuruta, na ukumbi ukalipuka. Mtu anayeamini kwamba taji ni pambo tu la kumpamba nyota angetarajia Misawa avikwe mikanda mara moja. Haikuwa hivyo. Alishindwa na Tsuruta Septemba 1990, akashindwa tena katika pambano la ubingwa Aprili 1991, na Sankan aliipata tarehe 22 Agosti 1992 alipomwangusha Hansen. Zaidi ya miaka miwili ya kusubiri! Katika muda huo taji lilimpima. Kila kushindwa kwake kulilipandisha thamani, na alipolipata hapakuwa na haja ya mtu yeyote wa Marekani kuja kuthibitisha. Mfano huohuo ulirudiwa kwa Toshiaki Kawada, ambaye kichapo alichopewa na Misawa tarehe 3 Juni 1994 bado watu wanakitaja kuwa miongoni mwa mapambano makuu ya mieleka popote duniani, na ambaye kumshinda Misawa katika Tokyo Dome tarehe 1 Mei 1998 kulisomwa kama kufunga hesabu ya miaka mingi.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka hapohapo. Kama waliolipa taji uzito ni Misawa, Kawada na Kenta Kobashi, je, mamlaka si yao binafsi? Historia ilileta jaribio lake. Baba alifariki tarehe 31 Januari 1999, na katikati ya mwaka 2000 Misawa aliondoka na wanamieleka wengi mno, Kobashi aliyekuwa bingwa akiwa mmojawao, wakaanzisha NOAH. Mwaka 2001 NOAH ilitengeneza ubingwa wake wa GHC, Misawa akiwa bingwa wa kwanza, na kufikia enzi ya Kobashi ya miaka miwili, 2003 hadi 2005, taji hilo changa lilikuwa limelipita la zamani kwa heshima. Sina budi kukubali kwamba watu hubeba sehemu kubwa ya mamlaka hayo miguuni mwao. Lakini tutazame All Japan, iliyobaki na mikanda mitatu na Wajapani wawili tu wa mkataba, ilifanya nini na taji tupu. Ilimrudisha Tenryu, yuleyule aliyekimbia muongo mmoja nyuma, na Oktoba 2000 akamshinda Kawada kulichukua. Hakuna mtu wa nje ya silsila ambaye ushindi wake ungeeleweka kwa haraka namna ile. Juni 2001 Tenryu akashindwa na Keiji Muto, aliyekuwa bado mtu wa New Japan, na ushindi wa mgeni huyo ulikuwa na maana kwa sababu alimshinda mtu wa ukoo. NOAH nayo haikuanza patupu: ilichukua kutoka kwa Baba desturi ya mwisho ulio wazi pamoja na watu waliolelewa ndani yake. Taji jipya lilikua haraka kwa kuwa mbegu yake ilikuwa ya zamani.

Tofauti kati ya mkanda na ubingwa inaonekana wazi zaidi kwa wapinzani wa ng'ambo ya mtaa. New Japan, iliyonyimwa na ushirika wa Baba nafasi ya kumleta bingwa wa NWA, ilibuni ubingwa wake yenyewe, IWGP. Ligi yake ya 1983 iliishia kwa Inoki kuzirai mbele ya Hulk Hogan, na ubingwa wa kutetewa ukaanza 1987. Mwaka 2006 Brock Lesnar aliachana na kampuni huku akibaki na mkanda wenyewe. New Japan ilimvua ubingwa, ikamvika Hiroshi Tanahashi, na ulimwengu ukasonga mbele, ingawa mkanda wa Lesnar ulishindaniwa kwingine mpaka Shinsuke Nakamura alipomshinda Kurt Angle Februari 2008 na kumaliza ubishi. Ngozi na dhahabu zilikuwa kwingine. Ubingwa ulibaki kwa walioendelea kuuhesabu. Ndiyo maana naona kosa kwa wale wanaosema Sankan ilikufa Agosti 2013, mikanda mitatu ilipopelekwa kwa mjane wa Baba na mmoja kushika nafasi yake. Naelewa uchungu wao, kwa kuwa ile mitatu ilikuwa kumbukumbu iliyoweza kushikwa, na mimi ningependa ingebaki ulingoni. Lakini Suwama, aliyekuwa bingwa siku mkanda mpya ulipoanza kuvaliwa, hakuhesabiwa wa kwanza wa taji jipya. Orodha iliendelea pale ilipokuwa imefikia, na wa kwanza ndani yake bado ni Tsuruta.