Transfoma za mabango ya neoni: soma kibati kabla ya kununua

Transfoma ya bango la neoni hupandisha umeme hadi volti 15,000, mara nyingi kwa miliampea 30. Ni kidogo, lakini zinaua.

Wapenzi wa majaribio ya cheche huzitaka zile nzito za zamani, zilizojazwa lami, kwa kuwa zenye kinga hujizima umeme unapovuja kwenda ardhini. Ya zamani haijizimi. Wala fyuzi ya nyumba haitamwokoa aliyegusa waya wa volti kubwa, maana transfoma hii hubana mkondo yenyewe. Bodi iungwe ethi bila mjadala.

Mtumba wa Marekani huwa wa volti 120: ukichomekwa moja kwa moja kwenye 240, utaungua. Wasafirishaji, kingeni vikombe vya kauri. Chenye ufa huvujisha umeme.